Kifungo Kilichoahirishwa Si Kesi Iliyoahirishwa

Jaji amemaliza kusoma. Miezi 18, anasema, iliyoahirishwa kwa miezi 24, pamoja na saa 150 za kazi bila malipo. Kwenye viti vya wasikilizaji, mpwa aliyezaliwa London anamnong'oneza shangazi yake: "Wameahirisha." Shangazi anashusha pumzi, anachukua mkoba wake. "Haya, tunarudi lini tena?"

Hawarudi. Kesi imekwisha saa hiyo hiyo. Kijana aliye kizimbani ametiwa hatiani, ana rekodi, na ana kifungo kinachomning'inia kichwani kwa miaka miwili. Kilichoahirishwa ni safari ya kwenda gerezani.

Kosa la mpwa linaeleweka. Kwa Kiswahili cha mahakamani kwetu, kuanzia Kisutu hadi Milimani, kuahirisha ni habari ya tarehe: shahidi hakuja, upelelezi haujakamilika, tukutane tarehe 14. "Kifungo cha nje" kinakaribia maana zaidi, ila wengi wanakijua kama onyo tu, usitende kosa kwa miezi kadhaa na yaishe. Kifungo kilichoahirishwa cha England huja na kazi za kufanya: kazi bila malipo kati ya saa 40 na 300, siku za kukaa na afisa wa probesheni (idara inayowasimamia waliohukumiwa wakiwa nje ya gereza), pengine matibabu ya ulevi, pengine tagi ya kielektroniki mguuni na marufuku ya kutoka usiku. Ukikosa miadi bila sababu inayokubalika unapewa onyo. Ukikosa tena ndani ya miezi 12, unarudishwa mahakamani. Ukitenda kosa jipya ndani ya kile kipindi, hata la kuiba dukani, mahakama inatakiwa ikiamshe kifungo kilicholala, chote au sehemu yake, isipokuwa ikiona kwamba kufanya hivyo hakutakuwa haki. Adhabu ya kosa jipya kwa kawaida inapangwa nyuma ya hicho, mtu anavitumikia kimoja baada ya kingine.

Hesabu ya miezi watu huielewa, hata kama inauma. Yanayowapoteza ni maneno, nayo yapo njia nzima, tangu siku ya kwanza mahakamani hadi miaka mingi baada ya gereza. Haya yote ni ya England na Wales. Scotland na Ireland Kaskazini zina sheria zao.

Idadi ya miezi inatoka wapi

Wapo wanaoamini kwamba jaji humtazama mtu usoni akakadiria. Zamani huenda. Leo kuna Baraza la Hukumu, lililoanzishwa mwaka 2010, ambalo limeandika mwongozo kwa karibu kila kosa linaloonekana mahakamani mara kwa mara. Sheria ya Hukumu ya mwaka 2020 inamlazimisha jaji aufuate mwongozo huo, ila tu pale ambapo kuufuata kungekuwa kinyume cha haki. Miongozo yote iko wazi kwenye tovuti ya Baraza, bure. Familia inayosubiri hukumu inaweza kuusoma ukurasa ule ule ambao jaji ataufungua, na inashangaza ni wangapi hawaambiwi hivyo.

Kesi zaidi ya tisa katika kila kumi huishia kwa mahakimu, ambao tangu tarehe 18 Novemba 2024 wanaweza kufunga hadi miezi 12 kwa kosa moja. Zilizo nzito huenda Crown Court kwa jaji. Kote mwongozo ni ule ule: kwanza kiwango cha lawama, yaani mtu alihusika kwa kina gani, halafu kiwango cha madhara. Vikikutana viwili hivyo kwenye jedwali, unapata mahali pa kuanzia na mipaka ya chini na ya juu.

Tuchukue mfano mmoja na tukae nao. Kijana wa miaka 23 amekamatwa akiuza kokeini mtaani. Uuzaji wa mtaani huwekwa kundi la tatu la madhara hata kama vifurushi alivyokutwa navyo ni vichache. Lawama yake itategemea nafasi aliyoshika. Kama alitumwa, alitishwa au alitumiwa na wakubwa bila kupata chochote cha maana, nafasi yake ni ndogo na mahali pa kuanzia ni miaka 3. Kama alikuwa na sehemu yake kwenye biashara na alitarajia faida, nafasi ni kubwa kiasi na mahali pa kuanzia ni miaka 4 na miezi 6, mipaka ikiwa miaka 3 na nusu hadi 7. Tuseme jaji ameona ni ya pili. Miezi 54.

Hapo ndipo yanapoingia mambo ya kuongeza na kupunguza. Hatia za zamani huongeza. Kutenda kosa ukiwa nje kwa dhamana huongeza. Umri mdogo na kutopevuka, kulea mtoto peke yako, kutokuwa na rekodi kabisa, hupunguza. Pombe haipunguzi. Kwetu "alikuwa amelewa" ni ombi la huruma. Kwenye mwongozo, kutenda kosa ukiwa umelewa kumeandikwa upande wa kuongeza adhabu. Wazee wanaosimama nje ya mahakama wakimwambia wakili "mwambie jaji ni pombe tu" wanampa wakili kitu ambacho hawezi kukitumia.

Tuseme mazuri na mabaya ya kijana wetu yamelingana. Bado miezi 54. Linalofuata linaweza kufuta mwaka mzima na nusu, na huamuliwa mapema mno, mara nyingi kabla familia haijajua kuna kesi.

Siku ya kukiri

Anayekiri kosa nafasi ya kwanza anapoulizwa hupunguziwa theluthi moja. Akikiri baadaye, robo. Punguzo linaendelea kushuka hadi sehemu moja ya kumi kwa anayekiri siku kesi inapoanza kusikilizwa. Nafasi ya kwanza maana yake ni siku ya kwanza kwa mahakimu, hata kama kosa ni zito na lazima liende Crown Court. Kila wiki kuna mtu anayesimama mbele ya mahakimu na kusema atajibu akifika kule juu, kwa kuamini kwamba huku chini ni mapokezi tu. Kauli hiyo imemshusha kutoka theluthi hadi robo.

Kwa miezi 54: theluthi inaacha miezi 36. Robo inaacha 40 na nusu. Sehemu ya kumi inaacha 48.6, na jaji akiikata kumfaa mshtakiwa anabaki na miaka 4 kamili. Zishikeni namba hizo, hasa ile 48. Tutairudia kwenye habari ya uhamiaji, na pale ndipo inapouma.

Kukiri siyo kukubali kila neno la mwendesha mashtaka. Mtu anaweza kukiri kuuza na akakataa kwamba alikuwa kiongozi. Ikiwa tofauti hiyo inabadilisha adhabu, jaji anasikiliza ushahidi wa jambo hilo peke yake. Mawakili huiita usikilizwaji wa Newton, kutokana na kesi ya mwaka 1982. Ila kuna bei: akisikilizwa na asiaminike, punguzo lake la kukiri kwa kawaida hukatwa nusu.

Karatasi zinazomfikia jaji

Kabla ya hukumu, afisa wa probesheni anaweza kuagizwa aandike ripoti. Anamhoji mshtakiwa kuhusu kosa, makazi, kazi, afya, na uwezekano wa kurudia. Ripoti hiyo ndiyo inayomwonyesha jaji kwamba adhabu ya nje inatekelezeka. Miadi ya mahojiano ikikoswa, jaji anaweza kuhukumu bila ripoti, au kuisoma sentensi moja tu: hakufika. Kosa jingine ni mtu aliyekiri mahakamani kwenda kumwambia afisa kwamba alisingiziwa. Linaandikwa hivyo hivyo, na majuto yote ambayo wakili atayasema kesho yake yanakosa mahali pa kusimama.

Halafu barua. Jamii zetu hazina uchoyo wa barua: imamu, mchungaji, mwenyekiti wa jumuiya, mwajiri, mama mzazi. Barua nzuri ni ya ukurasa mmoja, ina tarehe na sahihi, inasema mwandishi ni nani, anamfahamu mshtakiwa tangu lini na kwa njia gani, na inaonyesha wazi kwamba anajua mtu huyu amekiri kosa gani. Hicho cha mwisho ndicho kinachokosekana. Barua inayosema "huyu kijana hawezi kufanya jambo kama hilo", ilhali kijana mwenyewe ameshakiri, inamwambia jaji mambo mawili: mwandishi hajui anachokiandikia, au mshtakiwa hakumwambia ukweli. Barua kumi zilizonakiliwa maneno yale yale ni dhaifu kuliko moja yenye kitu kinachoonekana, kwa mfano kwamba kila Jumamosi anampeleka bibi yake kusafishwa damu hospitalini, na kwamba hakuna mwingine mwenye gari. Barua apewe wakili. Asitumiwe jaji kwa posta.

Jambo hilo la bibi lina uzito kisheria pale kifungo kinapokuwa ndani ya ukomo wa kuahirisha, ambao hadi mwaka 2025 ulikuwa miaka 2. Jaji anayefikiria kuahirisha anapima upande mmoja kama kuna matumaini ya kweli ya mtu kubadilika, kama ana hali binafsi nzito, na kama kumfunga leo kutawaumiza sana wengine wanaomtegemea. Upande wa pili anapima hatari kwa umma, historia ya kuvunja amri za mahakama, na kama kosa lenyewe halistahili kingine ila gereza. Kwa ukomo huo wa 2025, kijana wetu wa kokeini, kwa miezi yake 36, asingefikia hata mlango wa mzani huo. Muswada uliopelekwa Bungeni Septemba 2025, kufuatia ripoti ya Mei mwaka huo ya David Gauke, aliyewahi kuwa waziri wa sheria, ulikuja na pendekezo la kuufikisha ukomo wa kuahirisha kwenye miaka 3, na la kufanya kuahirisha kuwe ndiyo kawaida kwa vifungo vya miezi 12 kushuka chini.

Mlango wa nyuma ya kizimba

Anayekuja kusikiliza hukumu akiwa nje kwa dhamana aje na begi, hata wakili akisema kuna matumaini. Nguo, miwani, orodha ya dawa anazotumia, fedha taslimu kidogo, na zaidi ya vyote karatasi yenye namba za simu zilizoandikwa kwa mkono. Simu itachukuliwa, na siku hizi hakuna anayeikumbuka hata namba ya mama yake. Gerezani kila namba anayotaka kupiga lazima iandikishwe kwenye akaunti yake ya simu, za Mombasa na Kigoma pia.

Jaji akimaliza anasema ashushwe. Mlango wa nyuma ya kizimba unafunguliwa, ngazi zinateremka hadi vyumba vya chini, na jioni gari lenye vijichumba vya mtu mmoja mmoja linamchukua hadi gereza la eneo hilo. Familia haikumbatiani naye. Hakuna karani anayekuja kuwaambia amepelekwa wapi. Wakili ndiye wa kuulizwa, siku hiyo hiyo, kabla hajaondoka jengoni. Kitu cha kwanza cha kupata ni namba yake ya mfungwa: herufi moja, tarakimu nne, herufi mbili. Bila namba hiyo barua haifiki, fedha haziingii, na ziara haipangiki.

Mahabusu anaruhusiwa ziara hadi tatu za saa moja kwa wiki. Aliyehukumiwa hushuka hadi angalau mbili kwa kila wiki nne, na mara nyingi yeye ndiye lazima awaandikishe wageni wake kwanza. Fedha hutumwa kwa kadi ya benki kupitia tovuti ya serikali. Bahasha yenye noti haipokelewi. Familia yenye kipato kidogo inaweza kuomba kurudishiwa nauli za ziara, na ombi hilo wengi hawalifanyi kwa kutojua tu kwamba lipo.

Kuna pia ada ambayo kila aliyehukumiwa hutozwa kwa ajili ya huduma za waathirika. Kwa kifungo cha hadi miezi 6 ni pauni 154, juu ya hapo hadi miezi 24 ni 187, na zaidi ya miezi 24 ni 228. Kwa faini ni asilimia 40 ya faini yenyewe, kwa hiyo aliyepigwa faini ya pauni 300 anadaiwa 420 kabla gharama za mashtaka hazijaongezwa.

Deni zito ni lile la mali iliyotokana na uhalifu. Kwa mwuza dawa za kulevya, sheria ya mwaka 2002 inaruhusu mahakama ikisie kwamba fedha zilizopita mikononi mwake kwa miaka 6 zilitokana na uhalifu, mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Hapa ndipo hela za upatu, michango ya harusi na fedha za watu alizozipokea ili azitume nyumbani hugeuka mzigo, kwa sababu ziliingia kwenye akaunti yake na hazina karatasi. Anayepanga upatu aweke daftari. Asipolipa kiasi alichoamriwa anafungwa muda wa ziada, hadi miezi 6 kama deni ni pauni 10,000 au pungufu, na akishautumikia deni bado liko pale pale, linazaa riba ya asilimia 8 kwa mwaka.

Kuachiwa

Hili ni neno la pili linalopoteza. Tanzania watu husubiri msamaha wa Rais siku ya Muungano au ya Uhuru, na Tanzania na Kenya mfungwa mwenye tabia njema hupunguziwa theluthi. England haina sikukuu ya misamaha. Tarehe ya kutoka huwekwa na sheria yenyewe na hupigwa hesabu na ofisi ya gereza katika siku za mwanzo. Kanuni ya miaka mingi ilikuwa nusu ya kifungo. Tangu tarehe 10 Septemba 2024, kwa kuwa magereza yalikuwa yamejaa, makosa mengi yalishushwa hadi asilimia 40. Makosa ya kingono, ya kuwanyanyasa wenza, na ya ukatili yenye kifungo cha miaka 4 au zaidi hayakuingizwa; baadhi ya hayo mtu hutoka baada ya theluthi mbili. Muswada wa 2025 nao ulileta mpango wa theluthi moja kwa vifungo vingi vya kawaida. Mwenye kifungo cha maisha yuko kwingine kabisa: jaji humpangia muda wa chini, akiumaliza anaomba kwa Bodi ya Parole, inayopima kama ni salama kumwachia, na asipokubaliwa anabaki.

Kijana wetu ana kifungo cha miaka 3, sawa na siku 1,095. Asilimia 40 ni siku 438. Kama alikaa mahabusu siku 60, zinatolewa bila kuombwa: 378. Siku alizokaa nyumbani kwa dhamana akiwa na tagi ni hadithi nyingine. Kama amri ilikuwa kukaa ndani saa 9 au zaidi kwa siku, kila siku mbili zinahesabiwa moja, lakini lazima jaji aitamke idadi hiyo mahakamani. Wakili akisahau kuitaja, gereza halitaihesabu. Familia inaweza kusaidia hapa kuliko popote: tarehe tagi ilipofungwa, tarehe ilipotolewa, ziandikwe kwenye karatasi na wakili apewe asubuhi ya hukumu. Kosa kama hilo jaji anaweza kulirekebisha ndani ya siku 56.

Akitoka hajamaliza. Anatoka kwa leseni, na leseni inakwenda hadi siku ya mwisho ya ile miezi 36. Anaripoti probesheni, analala kwenye anwani iliyokubaliwa, na hatoki nje ya Uingereza bila ruhusa ya mapema. Hiki cha mwisho ndicho kinachotuvunja. Msiba ukitokea Tanga usiku wa manane, sisi hukata tiketi kwanza, maswali baadaye. Mwenye leseni akipanda ndege ile bila ruhusa anaweza kurudishwa gerezani, na kauli ya "ilikuwa maziko ya mama" haitarudisha kilichovunjika. Apigiwe afisa, hata simu ya dharura ya ofisi, na jibu lake lipatikane kwa maandishi.

Anayeona kifungo ni kikubwa mno ana siku 28 za kuomba ruhusa ya rufaa kutoka Crown Court. Kutoka kwa mahakimu ni siku 15 za kazi. Swali si kama jaji mwingine angetoa kidogo zaidi. Lazima kiwe kimepita mipaka waziwazi, au jaji awe amekosea msingi wa kisheria. Rufaa isiyo na kichwa wala miguu inaweza kumgharimu: Mahakama ya Rufaa ina uwezo wa kuagiza sehemu ya siku alizotumikia akisubiri zisihesabiwe. Na siku hizo hizo 28 zinatembea upande wa pili, kwani kwa makosa mengi mazito mtu yeyote anaweza kumwomba Mwanasheria Mkuu aipeleke mbele adhabu iliyo laini kupita kiasi. Sherehe za nyumbani zisubiri mwezi upite.

Mstari wa miezi 12, na ule wa miaka 4

Kwa asiye raia, adhabu ya pili huanza hapa. Sheria ya Mipaka ya mwaka 2007 inamtaka waziri amfukuze nchini mgeni aliyefungwa miezi 12 au zaidi kwa kosa moja. Vifungo viwili vya miezi 8 vinavyofuatana havijumlishwi kufikia mstari huo, ingawa wizara ina njia nyingine za kumfukuza. Ukaazi wa kudumu haumkingi mtu. Amri ya kufukuzwa inaufuta. Kuzaliwa London nako hakutoshi. Tangu tarehe 1 Januari 1983, mtoto anayezaliwa Uingereza ni raia tangu kuzaliwa ikiwa mzazi mmoja ni raia au ana ukaazi wa kudumu. Wapo vijana wenye lafudhi ya Peckham ambao karatasi zao ni za Nairobi au Kinshasa, na hugundua hivyo barua ya kufukuzwa inapofika gerezani. Mtoto aliyezaliwa huko na kuishi hapo miaka yake 10 ya kwanza ana haki ya kuandikishwa uraia. Wazazi wafanye hivyo akiwa angali mtoto, maana hata maombi hayo hupimwa kwa tabia.

Usimtegemee jaji apunguze wiki mbili ili mtu asifike miezi 12. Mahakama ya Rufaa ilisema katika kesi ya Mintchev mwaka 2011 kwamba adhabu inayostahili haikatwi ili kukwepa kufukuzwa.

Sasa turudi kwenye ile 48. Aliyefungwa chini ya miaka 4 ana milango miwili iliyoandikwa kwenye sheria. Wa kwanza: ameishi Uingereza kihalali sehemu kubwa ya maisha yake, amezoeana na jamii ya huko, na atakutana na vikwazo vikubwa sana kuanza maisha anakopelekwa. Wa pili: ana mwenza au mtoto mwenye sifa zinazotakiwa, na kuondoka kwake kutamwumiza huyo kupita ukali wa kawaida. Aliyefungwa miaka 4 au zaidi lazima aonyeshe mambo mazito zaidi ya milango hiyo. Kijana aliyekiri siku ya kwanza akapata miezi 36 yuko upande mmoja wa mstari. Mwenzake, kosa lile lile, aliyengoja hadi asubuhi ya kesi akapata miezi 48, yuko upande wa pili. Wakili wa jinai asiyejua sheria ya uhamiaji hawezi kuona mstari huo, na ndiyo maana wakili wa uhamiaji anatafutwa kabla ya kukiri, si baada ya kufungwa.

Kwenye mlango wa kwanza, moja ya mambo yanayopimwa ni lugha. Anayezungumza Kiswahili nyumbani na bibi yake ataonekana ana pa kuanzia akifika Dar es Salaam. Asidanganye kuhusu hilo. Simu za gerezani hurekodiwa. Aeleze badala yake Kiswahili chake ni cha namna gani, kama anaweza kusoma mkataba au kuomba kazi nacho, na kama kuna ndugu yeyote aliyebaki kule.

Na kuachiwa kwake kunaweza kusiwe kuachiwa. Tarehe inafika, mlango haufunguliwi, kwa sababu idara ya uhamiaji imetoa hati ya kumshikilia. Wengine hubaki gereza lile lile, wengine huhamishwa. Dhamana ya uhamiaji huombwa kwenye baraza la uhamiaji. Msaada wa serikali wa kulipia mawakili kwa madai ya familia uliondolewa kwa sehemu kubwa Aprili 2013, na unapatikana tu kwa maombi maalumu.

Rekodi

Neno la tatu ni kufutika. Sheria ya mwaka 1974, iliyolegezwa tarehe 28 Oktoba 2023, inasema hatia nyingi zikishapita muda fulani mtu halazimiki kuzitaja kwa mwajiri wa kawaida, kwa mwenye nyumba au kwa bima. Kifungo cha hadi mwaka 1: mwaka 1 baada ya kifungo kwisha. Zaidi ya mwaka 1 hadi 4: miaka 4. Zaidi ya 4: miaka 7, isipokuwa makosa mazito yaliyoorodheshwa, ambayo hayapiti kamwe. Kifungo kwisha maana yake ni mwisho wa leseni. Kijana wetu wa miezi 36 anahesabu 3 na 4, miaka 7 tangu hukumu. Angepata miezi 54 kamili, angehesabu miaka 11 na nusu.

Lakini hatia haifutiki. Imelala. Kazi za kulea wagonjwa, wazee na watoto, ambazo ndugu zetu wengi huzifanya, zina haki ya kuuliza zaidi, na hapo kifungo cha gerezani huendelea kuonekana. Maombi ya uhamiaji na uraia hayafungwi na sheria hiyo hata kidogo: fomu inataka kila hatia, ya zamani na ya majuzi, ya Leeds na ya Lubumbashi. Anayejibu "hapana" kwa sababu aliambiwa imefutika huongeza kosa la udanganyifu juu ya lile la kwanza, na mara nyingi hilo la pili ndilo linalomkosesha uraia.

Yule kijana wa saa 150 naye, ambaye shangazi yake alikuwa akiuliza tarehe ya kurudi, hesabu yake hufanywa kana kwamba alikwenda gerezani: miezi 18, halafu miaka 4. Hakulala ndani hata usiku mmoja, na kwa miaka mitano na nusu bima ya gari ikimuuliza, jibu ni ndiyo.